Baba anataka CBG, roho yangu iko KLF

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu usilitaje maana baba anasoma safu yako, ye anajifanya hasomi ila kila ukitoa kitu anakijua.

Mi ni binti wa miaka 18, nakaa Bagamoyo huku Majengo, nimemaliza fomu foo mwaka jana na matokeo yalivyotoka nikapata divisheni wani ya 16. Nyumbani ilipikwa pilau, baba akagawa soda mpaka kwa bodaboda wa kijiweni, siku tatu nzima nikawa sioshi chombo. Vita vimeanza baada ya hapo.

Matokeo yangu yako hivi: Kiswahili A, Historia B, Kiingereza B, Uraia B, Kifaransa C, Jiografia C, Baiolojia C, Kemia D, Hesabu F. Fizikia niliiacha fomu thrii. Kwenye selifomu, ile fomu ya kuchagua tahasusi za fomu faivu, tuliyojaza shuleni niliweka KLF (Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa) ya kwanza, HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) ya pili na HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) ya tatu, na baba sikumwambia. Sasa TAMISEMI wamefungua mfumo wa kubadilisha tahasusi na mdogo wangu mdomo hauna kufuli, akaropoka mezani kwamba dada kachagua Kifaransa, baba akaacha kula.

Baba ana duka la dawa hapa mjini, lile la dawa muhimu, siyo famasi kubwa, na tangu niko darasa la tano ananiita mfamasia wangu, wateja wote wanajua. Anataka nibadilishe niweke CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Anasema sanaa wanaenda waliofeli, na wewe una wani unaenda kujitupa huko kwa nini. Kiswahili anasema umezaliwa nacho, unaenda kukisomea nini, hata bibi yako anacho na hakwenda shule. Na kila akimaliza hapo anamleta mjomba. Mjomba anatembeza wageni, Mji Mkongwe, Kaole, kule misheni, anaongea Kifaransa safi na Kijerumani kidogo na Kiitaliano cha kuombea maji, ila masika ikiingia wageni hamna anakuja kukopa kwa baba. Baba anasema we unataka kuwa kama mjomba'ko, lugha tatu mfukoni hamna kitu.

Ila Shangazi mi kuna kitu kilinitokea ndo kimenimaliza. Likizo ya fomu thrii nilikuwa namsindikiza mjomba misheni, kulikuwa na kundi la wazee wa Kifaransa, mjomba yuko mbele anaelezea, mzee mmoja akabaki nyuma akanigeukia akaniuliza "où sont les toilettes?" na mi nikamjibu hapo hapo, "là-bas, à gauche, derrière le grand arbre", sikujua mbuyu unaitwaje nikasema mti mkubwa. Mzee akacheka akasema ah, le baobab, akaenda, akaona choo kweli. Yaani mtu katoka Ufaransa kakipata choo kwa maneno yangu. Najua ni kitu kidogo lakini usiku sikulala.

Tatizo lingine sijamwambia mtu. Ticha wetu wa Kifaransa alihama fomu foo katikati na hatukuletewa mwingine, tukawa tunajisomea notisi za zamani. Na Kiingereza naandika vizuri ila nikisimama kuongea mikono inatetemeka. Rafiki yangu anaenda HGL, ananiambia KLF watu hawatoboi, Kifaransa cha advansi siyo bonjour bonjour.

Mfumo unafungwa karibuni na baba anataka nimpe nywila abadilishe mwenyewe. Nimpe tu yaishe? Sitaki laana Shangazi.

Binti wa Majengo, Bagamoyo

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya wani, usiache watu wakusahaulishe kwamba umefaulu. Na we baba yake kama unasoma, na najua unasoma, vuta kiti ukae.

Nywila usimpe. Simaanishi umfiche, umeshaficha mara moja na ndo maana mtu kaacha kula. Mwambie baba naomba tukae wote tuangalie kabla hatujagusa kitu, halafu mkae kweli. Hilo la laana liweke pembeni, mzazi hamlaani mtoto kwa sababu ya kemia.

Tuanze na hesabu, najua una F ila hizi ni za kujumlisha tu, A ni pointi 1, B ni 2, na pointi zikiwa chache ndo vizuri. CBG yako ni kemia D ambayo ni 4, baiolojia C ni 3, jiografia C ni 3, jumla 10. KLF ni Kiswahili 1, Kiingereza 2, Kifaransa 3, jumla 6. HKL ni 5. HGL ni 7. Kwa hiyo baba anataka akutoe kwenye 5 na 6 akupeleke kwenye 10, na somo linaloongoza hiyo CBG ndo lile ulilopata D, na D ya fomu foo inaanzia 30 inaishia 44. Ukifika fomu siksi mambo yanabadilika tena, kule C inaanzia 60 na A ni 80, mtu aliyetoka na 45 yake ya fomu foo anaiita C, akiipeleka hiyo hiyo 45 advansi anakuta ni E. Nimefundisha miaka mingi nimewaona watoto wa wani wanarudi na divisheni thrii wakiwa hawaelewi kilichowapata, na wengi walipelekwa kombi ya mzazi.

Halafu kuna jambo nadhani baba hajalijua, na hapa simcheki, wazazi wengi hawajui. Digrii ya famasia wanataka kemia na baiolojia ya advansi na juu yake fizikia. CBG haina fizikia, ina jiografia. Yaani hata ukienda CBG ukakesha ukafaulu, mlango wa digrii ya famasia anaoufikiria baba uko kwenye PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na wewe fizikia uliiacha. Afungue kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, kipo bure kwenye simu, asome mwenyewe. Na kama shida yake ni mtu wa kurithi duka, kuna diploma ya famasia ya vyuo vya afya, ile wanachukua waliomaliza fomu foo wenye angalau D nne ikiwemo kemia na baiolojia, miaka mitatu mtu anatoka na cheti. Hiyo sifa unayo leo hii hii bila fomu faivu wala siksi. Kwa hiyo kama ungekuwa unataka dawa, mi ningekwambia nenda diploma, CBG isingekuwa na kazi hapo. Ila hutaki. Umeniandikia barua ndefu na kemia imetokea mara moja tu, kwenye orodha ya matokeo.

Haya, nikishamaliza hapo nimtetee baba kidogo, maana na yeye ana haki yake. Ajira za walimu wa sanaa ni ngumu, hilo siyo uzushi, serikali ikitangaza nafasi walimu wa sayansi na hesabu ndo wanatafutwa kwanza, na mtaani kuna vijana wenye digrii za Kiswahili na Historia wanauza laini za simu. Mikopo nayo ina vipaumbele vya kozi. Mzee ameona mjomba anakopa kila masika, amejumlisha, na jumla yake haiko mbali na ukweli. Anapokosea ni kusema sanaa ni ya waliofeli. Mzee Mkapa digrii yake ya Makerere mwaka 1962 ilikuwa ya Kiingereza, akawa mhariri wa magazeti, akawa waziri wa mambo ya nje, akawa rais. Najua baba atajibu Magufuli alisoma kemia. Sawa, moja moja, mpira umeisha, turudi kwako.

Hili la Kiswahili umezaliwa nacho limenikera kidogo kwa sababu ndo linaloua wanafunzi. Wanaingia HKL na KLF wakijua Kiswahili ni cha kupumzikia, wanapeleka nguvu zote kwingine, wakija kwenye pepa wanakuta fonolojia, wanakuta tafsiri na ukalimani, wanakuta riwaya na ushairi wa kuchambua, wanaandika porojo kurasa nne wanapata S, ile iliyo chini ya E. Kuongea na kujua ni vitu viwili, bibi yako anaongea kunizidi mimi lakini mwambie akueleze kwa nini tunasema "amefiwa".

Hebu tukae hapo kwenye amefiwa, nataka uone kitu. Jirani mume wake kafariki, sisi tunasema "amefiwa na mume". Kufa kafa mwanamume, lakini kitenzi kinamgeukia mke, kutoka fa kinaenda fia kinaenda fiwa, kwamba kifo kimefanywa na mwingine ila kimemwangukia yeye. Sasa kipeleke kwa Kiingereza, watakwambia "she has lost her husband". Kifaransa hivyo hivyo, "elle a perdu son mari". Lugha zote mbili zinasema kampoteza. Mfasiri mvivu akiirudisha kwa Kiswahili akaandika "amempoteza mume wake", hapa kwetu Bagamoyo watu watakimbilia ufukweni kuuliza ngalawa gani haijarudi. Ndo kazi yenyewe hiyo ya lugha. Kama umesoma hapa ukahisi kama siku ile ya mbuyu, we ni mtoto wa kombi ya lugha. Kama umeruka ukaenda kutafuta nimesema KLF au HKL, basi nenda HGL na rafiki yako, hakuna ubaya, ila jiografia nayo ina takwimu na ramani na upimaji, na F yako ya hesabu itakukumbusha.

Sasa nikuseme na wewe, maana umeniletea mapenzi mengi na Kifaransa kidogo. Hadithi ya choo ni tamu, nimemsomea mume wangu akacheka mpaka chai ikamwagika, lakini sentensi ile ni ya kitabu cha fomu wani mama. Rafiki yako hajakudanganya. Kifaransa cha advansi unaandika insha, unasoma maandishi marefu, unafasiri, na hakianzi sifuri, wanategemea olevo umemaliza yote. Wewe ticha aliondoka fomu foo katikati, kwa hiyo hata hiyo C sijui ni 46 au ni 63, na kati ya hizo mbili kuna bahari. Hujui, mimi sijui. Kwa hiyo tuipime.

Fanya hivi wiki hii. Chukua habari fupi ya Kiswahili, aya moja, ya mpira au ya soko la samaki. Ipeleke Kifaransa bila simu, na kamusi ya karatasi kama unayo. Iache siku mbili. Halafu bila kuangalia ile ya mwanzo irudishe Kiswahili, uweke mbili pembeni uone nini kimepotea njiani. Kisha mpe mjomba hiyo ya Kifaransa aisome kwa sauti, na umwambie asikuonee huruma, kila akikwama aweke alama. Kama anasoma anaelewa, hata kama kuna makosa ya le na la, una msingi. Kama anakuuliza hapa ulikuwa unataka kusema nini zaidi ya mara tatu nne, msingi haupo, na miaka miwili ya advansi haitoshi kujenga msingi na ghorofa kwa pamoja.

Na swali la pili ambalo ni zito kuliko hilo la kwanza: shule unayoweka ina mwalimu wa Kifaransa? Usiulize kama ina KLF kwenye karatasi, uliza kama kuna mtu anaingia darasani. Shule zenye KLF ni chache kuliko za HKL, unaweza kupangiwa mbali, na ukifika ukakuta ticha kahama hilo unalijua linavyouma. Piga simu, tafuta mwanafunzi aliyepo pale, au mwombe mwalimu wako wa taaluma aulizie, walimu wa taaluma wanajuana wote hao.

Mi nikilazimishwa kuchagua bila kujua hayo majibu mawili, naiweka HKL juu. Pointi 5, masomo yote matatu una msingi, shule zipo nyingi, na inakupeleka kwenye sheria, uandishi wa habari, ualimu, uhusiano wa kimataifa, utalii, na kozi za lugha vyuoni ambako Kifaransa unaweza kukiendeleza. Na Kifaransa hakijafungiwa shuleni, Alliance Française wapo Dar, kuna mitihani ya Kifaransa ya DELF ina ngazi zake kuanzia A1 mpaka B2, mtu anafanya akiwa na HKL yake vizuri tu. Lakini kama tafsiri imesomeka na ticha yupo, weka KLF ya kwanza na HKL ya pili kama ulivyofanya, sitakuzuia. Watu wenye Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa vyote vitatu vya kuandika, siyo vya kuombea maji, siyo wengi hapa nchini. Kongo wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, mizigo yao inapita bandari ya Dar kila siku na makaratasi yao ni Kifaransa, madereva wao wanaongea Kiswahili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili chenyewe kimekuwa lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, 2019 na Umoja wa Afrika 2022, na kila mkutano unataka mkalimani wa kukaa kwenye kile kibanda cha kioo na spika masikioni. Nafasi ni chache na hawachukui mtu wa C, nakwambia mapema.

Mjomba'ko hajaangushwa na Kifaransa. Kinachomkosesha hela ni masika, kazi yake inafuata mvua, lugha anayo ya mdomo na cheti hana. Baba akilileta tena hilo mjibu kwa adabu kwamba ndo maana nataka kukisomea, mjomba hakukisomea. Ila mjomba mwenyewe usimtume kwa baba hata kama kwetu pwani mjomba ana neno lake kwa mtoto wa dada'ke. Mtu unayemdai hela hakushauri ukamsikiliza. Mtumie mwalimu wa taaluma, au baba mdogo kama yupo.

Kutetemeka kwenye Kiingereza hakunitishi sana. Mtu mwenye B ya maandishi maneno anayo, hajazoea tu kusikia sauti yake. Advansi utasimama mbele za watu kila wiki, kwa hiyo kuanzia leo mpaka Julai mnapoanza soma kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiingereza kila siku, nyuma ya nyumba, kuku wakusikilize. Watakaokucheka darasani na wao wanatetemeka, nimekaa mbele yao miaka yote naona magoti.

Kuhusu kumkabili baba: nenda dukani, usimsubiri mezani. Baada ya alasiri wateja wanapungua. Nenda na madaftari mawili, la kemia na la Kifaransa, yaweke kwenye kaunta bila hotuba, mwache afungue mwenyewe. Nadhani najua la kemia likoje, kurasa za mwanzo zimeandikwa vizuri halafu katikati kuna michoro ya maua. Kisha mwonyeshe hizo jumla, 5, 6 na 10, na ule ukurasa wa famasia kwenye mwongozo. Ye ni mtu wa kuhesabu vidonge, namba atazielewa haraka kuliko machozi. Na umwombe radhi kwa kujaza fomu kimya kimya, hilo ni lako, ulikosea. Akikasirika kaa hapo hapo msaidie kupanga maboksi, usiondoke kwa kisirani.

Mkishaingia kwenye mfumo piga picha ukurasa wa mwisho kabla hamjatoka, ile mitandao ya siku za mwisho inaganda. Na ile aya yako ukishaipeleka Kifaransa na kuirudisha nitumie zote tatu, nataka kuona umefanya nini na neno la kwanza lililokukwamisha.

Shangazi